Mlima Ndani ya Jumba

Mimi naitwa Mbaluka, na kama uliwahi kununua nyasi za ng'ombe Kitengela miaka ya tisini, basi unanijua, au unaijua pikapu yangu. Ilikuwa Pijo ya dizeli, rangi yake ilikuwa buluu kabla jua halijaila. Nilikuwa nikisema mbele ya watu kwamba hakuna dereva wa kunishinda kutoka Mto Athi mpaka Namanga. Nilisema sana. Debe tupu, si mnajua.

Sasa niwaambie kitu nilichokuwa sisemi. Kitengela ni tambarare. Kutoka hapo mpaka Kajiado, mpaka Mashuuru, unaweza kuendesha siku nzima usisimame kwa mlima hata mara moja, na vile vilima vichache vilivyoko unavivamia kwa mbio na kuvivuka kabla havijakujua. Breki ya mkono ya gari langu ilikufa mwaka wa tisini na nne, na sikuililia. Nilikuwa na jiwe. Nikisimama penye mteremko nashuka, naliweka nyuma ya gurudumu, basi. Gia ya kwanza nayo ilikuwa na tabia ya kuruka yenyewe, na stata ilikuwa dhaifu, lazima uwashe hita ya kupasha injini, usubiri, uombe Mungu kidogo. Parsaoti, jirani yangu Mmaasai aliyekuwa akiniuzia nyasi, alikuwa akinicheka kila asubuhi.

"Mkamba, hata ng'ombe yangu iko na breki kushinda hii kitu."

"Nunua yako basi tuone," namjibu.

Hii ni habari ya Novemba tisini na tisa, na ni habari ya mama mkwe wangu, Mukonyo.

Jicho lake la kushoto lilikuwa limekufa. Mtoto wa jicho aliachwa akakomaa, akaharibu kila kitu. Sasa la kulia lilikuwa likienda njia hiyohiyo. Mama alibaki kuona mwanga na vivuli tu, anajua ni mchana, anajua mtu amepita, lakini hajui ni nani. Kulikuwa na daktari mmoja aliyekuwa akija Nairobi mara mbili kwa mwaka, anapasua macho wiki moja kisha anaenda zake. Mke wangu Roda alihangaika kupitia kanisa mpaka akapata nafasi. Jumatano, saa nane mchana. Ukikosa, unangoja Juni, na daktari wa Kajiado alikuwa ameshasema wazi kwamba jicho hilo halitafika Juni. Kwa hivyo mambo yalikuwa ni hayo. Afike saa nane, ama akae gizani mpaka aende kaburini.

Roda ni mwalimu wa darasa la nane, na wiki hiyo ilikuwa ya mtihani wa taifa. Hangeweza kutoka hata kwa bunduki. Alipanga kila kitu: mimi nitaendesha, na Naserian, mke wa Parsaoti, ataandamana nasi ili amshike mama mkono. Jengo lenyewe la kliniki lilikuwa la ghorofa nyingi katikati ya mji. Nitawashusha chini barabarani, wao wapande lifti, mimi nitafute pa kusimama.

Kwa nini lazima Naserian? Kwa sababu mimi sikuweza kumshika mama. Sisi Wakamba, mwanamume na mama mkwe wake wana heshima yao, tunaiita nthoni. Humshiki mkono. Humtazami usoni. Mkikutana njiani mmoja anapisha kando, na chakula hamli pamoja. Mchungaji wetu husema kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati, lakini mama wa mke wake akija kumtembelea, yeye hutokea mlango wa nyuma. Kuna njia ya kuilegeza hiyo nthoni: unapeleka mbuzi na blanketi, wazee wanakaa, na baada ya hapo mnasalimiana kama watu. Nilikuwa nimeoa miaka kumi na mmoja, na kila Desemba nilisema mwaka ujao. Mbuzi nilikuwa nao. Ni uvivu tu, na kujua kwamba mama yule hangenisumbua.

Asubuhi ya Jumatano Roda alishaenda shule. Naserian akaja, amevaa shuka jipya na shanga zake zote, amebeba mkoba. Na mimi, sijui ni shetani gani alinishika, nikamwambia, "Mama Koinet, rudi tu nyumbani. Nitampeleka mwenyewe."

"Atashikwa na nani?"

"Hakuna kushikwa. Kliniki iko na mlango wake kwa pakingi, ghorofa ya tatu. Niliuona tulipoenda kuandikisha. Magari yanapanda mpaka juu. Nitamfikisha kwa mlango, anashuka, hatua tano, amefika."

Parsaoti alikuwa ameegemea ua. "Mbaluka, na hii gari? Ipande nyumba?"

"Wewe chunga ng'ombe."

Sikio la kufa halisikii dawa. Ukweli ni kwamba nilitaka isemwe Kitengela nzima kuwa Mbaluka alimpandisha mama mkwe wake na gari mpaka mlango wa daktari. Sikutaka isemwe kwamba niliombewa msaada wa mke wa mtu. Ndiyo hiyo.

Kiti cha mbele kilikuwa kimoja kirefu. Kiondo cha mama kilikaa katikati yetu, kimejaa nguo na ndizi, na yeye akageuza uso wake dirishani, mimi wangu barabarani. Tulienda hivyo mpaka Nairobi bila neno ila mara mbili. Mara ya kwanza aliuliza kama tumepita Mto Athi. Mara ya pili, tulipokwama kwenye magari mjini, alisema polepole kwa Kikamba, "Baba Munguti, Mungu akubariki. Nimekuchosha."

Munguti ni mtoto wetu wa kwanza. Nilisema, "Hapana, mama." Nilijisikia mwanamume.

Tulifika langoni saa saba na nusu. Soja alinipa kadi, akatazama moshi wangu, akatazama magurudumu. "Mzee, juu kumejaa. Na kuna mlima. Utaweza?"

"Nimeanza kuendesha ukinyonya," nikamwambia, na alikuwa mtu wa rika langu.

Haki ya Mungu sijui waliojenga lile jumba walikuwa wamekasirikia nani. Njia ni nyembamba, inapanda, inajikunja, ukuta huku, ukuta huku, paa limekukalia kichwani. Mlima wa kwanza niliuvamia kwa gia ya kwanza huku nimeishika isiruke, dizeli ikinguruma mle ndani utafikiri ni magari matano. Tukapanda. Mlima wa pili, tukapanda. Moshi ulijaa nyuma yetu, nikaona kwenye kioo magari yanawasha taa. Mama alikuwa ameshika kiondo kwa mikono miwili.

"Tunapanda kilima gani?" akauliza.

"Ni nyumba, mama. Tunakaribia."

Mlima wa tatu, katikati kabisa, gari lililokuwa mbele yangu likasimama. Mtu mmoja huko juu alikuwa anarudi nyuma kutoka mahali pake, anaenda mbele, anarudi, kama ambaye ana siku nzima. Nikakanyaga breki. Sikuwa nimewahi kusimama mahali kama hapo katika maisha yangu yote ya udereva. Nyuma yangu, karibu sana, kulikuwa na Toyota nyeupe, na nyuma yake msururu mpaka chini.

Gari la mbele likaondoka. Nikaachilia breki, nikaenda kwa mafuta, pikapu ikarudi nyuma hatua nzima. Honi! Nikakanyaga breki tena, nikajaribu tena, klachi ikashika vibaya, injini ikatetemeka, ikazima.

Dizeli ikizima, breki inakuwa ngumu. Nilisimama juu ya ile pedali kwa miguu yote miwili, makalio yameacha kiti. Kuacha gari ndani ya gia sikuthubutu, kwa sababu gia yenyewe mnaijua. Nikijaribu stata lazima nikanyage klachi, na nilikuwa na miguu miwili tu kama nyinyi. Nikajaribu hata hivyo. Stata ikasema nyii, ikanyamaza. Honi zikawa nyingi. Ndani ya jumba, honi moja ni honi kumi.

Jasho lilinitoka mpaka machoni. Nilifungua dirisha nikapunga mkono watu wangoje, na mtu akanitukana kwa mama yangu. Saa ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi na tano. Mtu wa kuniwekea jiwe alikuwa mmoja tu mle ndani.

Ningeweza kuita. Ningeweza kupiga kelele, "Jamani, nisaidieni, breki yangu imekufa!" Watu wangekuja. Wangenicheka, lakini wangekuja. Nimelifikiria jambo hilo usiku mwingi. Kinywa changu hakikutaka. Kilitaka jambo limalizwe kimyakimya, watu wa nje wasijue.

"Mama," nikasema bila kumtazama, "nyuma ya kiti kuna jiwe. Lichukue, shuka, uliweke nyuma ya gurudumu la nyuma upande wako."

Hakuuliza kwa nini. Alipapasa, akalipata, jiwe zito la mraba, akalikumbatia kifuani juu ya nguo yake ya Jumapili. Akafungua mlango, akatafuta ardhi kwa mguu, akashuka. Nilimsikia akipita akigusa bodi ya gari, tap, tap, tap. Niligeuza shingo nikaona kitambaa chake cha kichwa ndani ya moshi. Kisha sikukiona. Akachuchumaa, nadhani, akitafuta gurudumu kwa vidole. Mimi nimening'inia juu ya breki nikifikiria kitu kimoja: mguu ukiteleza, mama huyu atakufa, nami ndiye nitakuwa nimemuua.

Halafu nikasikia kishindo kidogo na sauti yake ikisema "Wuui." Alikuwa ameliweka. Na alipojaribu kuinuka aliteleza kwenye mafuta, akaanguka kwa magoti.

Mlango wa Toyota ulifunguka kwa nguvu. Alitoka mwanamke mmoja wa miaka kama arobaini, sweta ya kijivu, viatu vya kisigino. Alimwinua mama kwanza, akampangusa, halafu akanijia dirishani.

"Wewe! Wewe ni mtu wa aina gani? Unamtuma mama asiyeona aende chini ya gari?"

"Madam, breki..."

"Breki nini! Kwani huyu ni nani wako?"

Watu walikuwa wameshuka kwenye magari. Kumi, kumi na tano. Wote wananitazama nikiwa nimesimama juu ya pedali kama kuku kwenye kamba. Nikisema ni mama mkwe wangu, ataniuliza kwa nini sikushuka mimi. Nianze kumweleza nini, gia? Nthoni? Mbuzi ambaye sikumpeleka? Neno lilitoka lenyewe, laini, na ukichaa wake wote.

"Si wangu, madam. Mimi ni dereva tu. Nimekodishwa nimlete."

Mama alikuwa amesimama pale pale kando ya bodi, hatua mbili. Kiswahili anakijua vizuri. Alikuwa akifunga kitambaa chake upya, na vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa grisi. Vidole vilisimama kidogo, halafu vikaendelea kufunga.

"Unaenda wapi, mama?" yule mwanamke akamuuliza.

"Kwa daktari wa macho."

"Ngai! Hata mimi nafanya kazi huko. Twende, nitakushika." Akamwambia mtu mwingine amsogezee gari, akamshika mama mkono, wakapanda ule mlima kwa miguu. Aliyemshika mkono alikuwa mgeni ambaye hata jina lake hakulijua.

Soja wa langoni akaja mbio. Aliona jiwe, akaangalia chini, akaniambia nishuke. Akawasha hita, akangoja bila haraka, injini ikashika, akaicheza klachi kwa mguu mmoja na mafuta kwa kisigino na breki kwa vidole vya mguu wa pili, na pikapu yangu ikapanda kwa upole kabisa, ikiacha jiwe nyuma. Watu wengine walipiga makofi. Nilipanda kwa miguu nyuma yake nikila moshi wangu mwenyewe.

Juu, akinirudishia funguo, alinisemesha kwa Kikamba. Jina lake lilikuwa Nzomo, mtu wa Mwala. "Yule mama ni wa kwetu, sivyo? Nilipokuwa nikija nilimsikia akiwaambia wenye magari, samahani, samahani, mtusamehe. Ni nani wako?"

"Ni mteja," nikasema. Mara ya pili ilikuwa rahisi kuliko ya kwanza. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

Nilikaa ndani ya gari. Sikutaka kuingia. Nilijiambia sasa amefika, ana mtu, mimi kazi yangu imeisha. Lakini saa nane na dakika ishirini nikakumbuka kadi ya kliniki iko mfukoni mwangu, nikaingia.

Chumba kilijaa wazee na vitambaa vya macho. Yule mwanamke alikuwa nyuma ya meza, sweta ameivua, chini yake ni nguo nyeupe ya sista, na jina limeandikwa kifuani: Margaret. Mama alikuwa ameketi mbele yake na mikono ameiosha.

"Mama, nakuuliza tena," sista alisema. "Kupasua jicho si mchezo. Lazima mtu wa familia aweke sahihi. Huna mtoto? Huna mtu yeyote Nairobi?"

"Nimekuja peke yangu."

"Kabisa?"

"Na dereva."

Nilisimama mlangoni. Alijua. Hakuwa na haja ya kuniona ili ajue kwamba mtu wake wa familia yuko hatua kumi kutoka hapo. Lakini nilikuwa nimesema neno mbele ya watu, na yeye hangenifanya mwongo mbele ya watu. Alikuwa tayari kuliachilia jicho lake.

Sista alitazama saa, akapumua. "Basi sina njia, mama. Daktari anaondoka kesho alfajiri, na kuna mzee hapa anangoja nafasi. Itabidi nimpe yeye." Akachukua kalamu.

Nataka kuwaambia kwamba nilipaza sauti papo hapo. Sikupaza. Nilisimama. Nilihesabu watu. Nilimwona yule mzee anaanza kuinuka, mtu mwembamba, anatafuta fimbo yake. Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi.

"Sista," nikasema, "mimi nitaweka sahihi."

Akainua macho. "Wewe? Si umeniambia wewe ni dereva?"

"Ni mama mkwe wangu."

Sista hakuniamini, na ningekuwa yeye nisingeniamini pia. Akainama kwa mama. "Mama, huyu mwanamume anasema ni mkwe wako. Unamjua?"

Mama alikaa uso chini. Kisha akasema, kwa Kiswahili, kila mtu asikie, "Ni mume wa Roda wangu. Usimlaumu, mwanangu. Mimi ndiye nilianguka mbele za watu. Aliona haya juu yangu."

Haya juu yake! Nilitaka kusema hapana, si wewe, ni mimi, ni gari, ni mdomo wangu. Nilitaka kupiga magoti pale kwenye sakafu yao inayong'aa. Lakini hatukuwa tumewahi kuzungumza zaidi ya maneno matano, mimi na yeye, na nilijificha ndani ya desturi hiyo kama mwizi ndani ya mahindi. Sista akanisukumia karatasi bila kunitazama. Nikaweka sahihi. Herufi hazikusomeka, akaniambia niandike tena.

Wakampasua jicho. Upasuaji ulifaulu. Ijumaa walitoa bandeji, na Jumamosi Roda alimleta nyumbani Kitengela kwa basi, maana alikataa kabisa pikapu, akisema mgonjwa asitikiswe. Mama aliona kuku. Aliona milima ya Ngong upande ule, akasimama akiitazama mpaka Munguti akacheka. Alimwita kila mtoto karibu akamshika kidevu kumwona amekuwaje.

Roda alichinja jogoo. Mama aliketi mlangoni mwa jikoni, kwa sababu ya mambo yetu yale, na mimi nikaketi chini ya paa la sebule, ua katikati yetu. Parsaoti na Naserian walikuwapo. Roda akaniletea sahani, na juu ya nyama zote ameweka firigisi, ambayo kwetu hupewa mwenye nyumba.

"Kula, baba," akasema kwa sauti, wote wasikie. "Mama amenihadithia. Ati hukumwacha hata hatua moja. Ati jengo zima lilijua huyu mama yuko na mtu wake. Na hata bila Naserian! Mimi niliolewa, jamani."

Naserian akapiga makofi. Parsaoti akasema, "Kumbe hiyo gari ni gari."

Niliangalia ng'ambo ya ua. Katika miaka kumi na mmoja mama hakuwahi kunitazama usoni, wala mimi yeye. Sasa alikuwa ameinua uso. Jicho moja lilikuwa jeupe, lakini lile lingine lilikuwa safi na jeusi, lina machozi kidogo ya dawa, na lilinitazama moja kwa moja. Halikuwa na hasira. Lilingoja tu. Lilingoja muda ambao unamtosha mtu kusema neno moja, na mke wangu na watoto na majirani wote wako hapo.

"Ilikuwa kazi kidogo tu," nikasema.

Mama akainamisha uso, akamwomba Munguti chumvi. Nikachukua firigisi nikaiuma. Ilikuwa imeiva vizuri, na niliimaliza.